Mshipi wa Emeline

Kerwin Arceneaux alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: mikono yake haikujua kungoja. Ukihangaika na kifuniko cha chupa mbele yake, utashtukia chupa iko kwake, imeshafunguliwa, naye anakurudishia huku anatabasamu kama aliyekupa zawadi. Mkewe Shawna aliyavumilia hayo miaka kumi na sita. Mwezi wa tatu akachoka.

"Sikuachi kwa ubaya," alimwambia jikoni, ameegemea jokofu. "Ila katika nyumba hii sijawahi kumaliza kitu nilichokianza mwenyewe."

Kerwin alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya matairi. Tangu siku ile alikuwa na ganzi mwili mzima, ile ya kwa daktari wa meno, unaposhika shavu lako ukaona kama la mtu mwingine. Alikwenda karakana, akatengeneza mashine za boti za watu, akarudi akala soseji ya boudin baridi akiwa amesimama mlangoni, akalala. Majirani walimpa pole, naye akawaitikia vizuri, hata akawauliza habari za wazazi wao. Alisubiri kuumia, akaona haumii. Akaanza kudhani labda ndivyo utu uzima ulivyo.

Kilichobaki ni Emeline, binti yao wa miaka kumi na minne. Shawna alikuwa amepata kazi hospitali moja katika mji wa Tulsa, jimbo jingine, na Jumapili asubuhi angekuja kumchukua mtoto waondoke wote. Isipokuwa kwa jambo moja, ambalo Shawna alilikubali shingo upande: klabu ya uvuvi wa pinde ilikuwa na nafasi moja tu imebaki katika timu ya vijana ya kwenda mashindano ya jimbo mwisho wa Agosti. Nafasi hiyo angepewa kijana atakayeleta samaki mzito kuliko wote Jumamosi hii. Emeline akiipata, atakaa kwa baba yake mpaka Agosti iishe. Na huku kwao shule hufunguliwa Agosti hiyo hiyo mwanzoni, kwa hiyo atakayekaa mpaka mashindano amekaa mwaka mzima wa shule. Shawna alilijua hilo na akalikubali hivyo hivyo. Emeline mwenyewe hakusema anataka nini. Kila mzazi alipomuuliza alijibu, "Tutaona Jumamosi."

Jumamosi ikafika. Magari ya pikapu yalijipanga kwenye mteremko wa kushushia boti, kila moja na trela yake, na mvuke wa kahawa ulikuwa kila mahali. Bi Verdie Fontenot, mama mnene mwenye kofia ya majani, alikuwa akikagua vijana mmoja mmoja kabla hajawaruhusu kuingia majini. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye mizani na mwenye sheria, na hapakuwa na rufaa.

"Jaketi la kuelea? Sawa. Miwani ya kukata mng'ao? Sawa. Nipe mshale." Emeline akampa. Bi Verdie akakisukuma kile kipete kinachotembea juu ya mshale, ambacho ndicho hufungwa mshipi, mpaka kikagonga mbele. Mshipi ukifungwa nyuma unaweza kunasa kwenye upinde, na mshale ukakurudia usoni. "Safi. Aliyefunga ni nani?"

"Mimi," alisema Emeline.

"Kweli wewe?" Bi Verdie alimtupia jicho Kerwin.

"Niliufungia chooni, Bi Verdie. Nilichukua mshale nikajifungia mlango ndiyo akaniacha."

Watu walicheka. Raywood Dupre, aliyekuwa anamsukumia boti mwanawe Colt, alipaza sauti kutoka kwenye gari la pili. "Kerwin, kaka, leo uifunge mikono hiyo kwa gundi. Daraja la vijana, mzee ni wa kusukuma boti kwa upondo tu. Akigusa upinde, akigusa mshale, akigusa mshipi kabla samaki hajaingia botini, samaki huyo ni chakula cha kobe."

"Sheria naijua, Raywood. Niliipigia kura."

"Ndiyo maana nakukumbusha. Wanaozipigia kura ndio wanaozisahau."

Kerwin alicheka, kwa sababu palikuwa mahali pa kucheka. Kisha akashusha boti.

Mto ulikuwa umefurika msimu ule, maji yameingia mpaka ndani ya msitu wa misaipresi, na samaki wa bufalo walikuwa wamekuja kutaga kwenye kina cha magoti, migongo yao ikichomoza na kuzama. Emeline alisimama kwenye jukwaa la mbele, upinde wa rangi ya machungwa mkononi, kichupa cha mshipi kimefungwa chini ya mshiko. Kerwin alisimama nyuma na upondo. Alisukuma polepole, maana bati la boti likigonga kisiki sauti yake inafika mbali na samaki wote wanakwenda zao.

Mshale wa kwanza ulipita juu. Wa pili ukapita juu.

Kerwin alijua kosa. Samaki majini haonekani alipo, anaonekana juu kidogo, na kadiri anavyozama ndivyo unavyotakiwa kulenga chini yake. Alimfundisha Emeline hayo binti akiwa na miaka sita, kwa ndoo na kijiko. Alifungua mdomo.

"Najua," alisema Emeline bila kugeuka. "Chini zaidi. Usiseme."

Kerwin akaufunga. Emeline akavuta mshipi mkono kwa mkono mpaka mshale ukarudi, akaujaza mshipi katika kichupa chake, akapachika tena. Alifanya taratibu. Mikono ya Kerwin ilikuwa inawasha juu ya upondo, naye akaikaza pale pale. Wa tatu ulimpata bufalo wa ukubwa wa kawaida. Emeline alimvuta mwenyewe mpaka botini, akapumua, akamfunika kwa gunia lililoloweshwa. Hawakupeana hongera. Walikula mkate na jibini, wakanywa maji. Kulikuwa na joto. Kerwin aliuangalia mgongo wa binti yake, akajiambia kwamba kesho muda huu mgongo huo utakuwa garini unaelekea kaskazini, akangoja jambo hilo lifanye kitu kifuani mwake. Halikufanya.

Saa za mchana Colt na Raywood walipita kwa mbali. Colt aliinua samaki wake kwa shida, na hata kutoka huko alionekana ni mzito kuliko wao.

"Mwambie Bi Verdie aandae kalamu," alipiga kelele Raywood.

"Mwambie mwanao aache kumkumbatia, atamwoa," alijibu Emeline.

Walipozunguka kichaka cha mwisho kabla ya kurudi, wakamwona. Alikuwa peke yake kando ya kisiki kikubwa, mgongo wa rangi ya shaba iliyochakaa, mpana kama ubao wa kukatia nyama. Kerwin hakuwahi kuona bufalo wa namna hiyo kwenye maji haya. Aliuzuia upondo chini, boti ikasimama. Emeline akavuta, upinde ukaja wote, akalenga chini sana, chini hata ya alipodhani Kerwin, akaachia.

Mshale ulizama na kukaa. Maji yakalipuka. Mshipi ukatoka kwenye kichupa ukivuma, ukaisha nusu nzima, kisha Emeline akaushika kwa glavu zake na kujitupa nyuma, magoti yamekunjwa. Samaki alivuta boti. Alikwenda kushoto, akarudi, akakata kuelekea kwenye kisiki, na kila aliyewahi kuvua pale anajua kisiki kinafanya nini: mshipi ukizunguka mti mara moja, samaki anapata pa kujivutia, chembe cha mshale kinachomoka na nyama, kwaheri.

Emeline aliteleza goti moja. Mshipi ulimponyoka kidogo.

Kerwin hakumbuki kuuacha upondo. Anachokumbuka ni mshipi umo katika kiganja chake kitupu, na kwamba ulikuwa unapita, na kwamba aliukaza. Aliuvuta mara moja tu, mvuto mmoja mrefu. Kichwa cha samaki kikageuka kutoka kwenye kisiki. Kisha akauachia kama aliyeshika sufuria ya moto.

Emeline alikuwa amesimama tena. Alivuta mkono kwa mkono mpaka samaki akagonga ubavu wa boti, akampiga kulabu, akamwingiza ndani kwa kulala chali, samaki akamwangukia pembeni. Bufalo alitikisa bati zima. Baadaye akatulia.

"Nilidhani anakwenda," alisema Kerwin.

"Nimeona."

Hapakuwa na mtu mwingine pande zote. Kiganja cha Kerwin kilikuwa kimechanwa mstari mmoja, na damu ilikuwa inadondoka kwenye sakafu ya boti. Hakikumuuma hata kidogo. Alikifunga kwa kitambaa cha kufutia mafuta, akaokota upondo uliokuwa unaelea, na wakarudi. Njia nzima Kerwin alikuwa na wazo moja tu: neno moja. Bi Verdie angeuliza nani kamvuta samaki, mtoto angejibu neno moja, na nyumba isingebaki tupu. Aliona aibu kwa kuwaza hivyo. Hata aibu yenyewe ilikuwa ya mbali, kama redio ya jirani.

Kwenye mizani palikuwa pamejaa watu. Uzito wa samaki wa Colt ulikuwa umeandikwa ubaoni, juu kabisa. Emeline alimburuta wa kwake kwenye gunia, akakataa kusaidiwa, na alipomlaza mezani watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Raywood alivua kofia.

"Mwanangu," alimwambia Colt, "toka hapo juu kabla hujashushwa."

Lakini mizani haitumiki kabla ya swali. Ndiyo desturi ya klabu ile, na hakuna anayejua aliyeianzisha. Kijana huweka mkono juu ya kichwa cha samaki, mwenye mizani humwangalia machoni, humuuliza, naye hujibu. Hakuna karatasi ya kutia saini, wala hakuna anayechunguza zaidi. Likishatamkwa limetamkwa.

Emeline aliweka mkono.

"Kavutwa na mkono wa nani?" aliuliza Bi Verdie.

Kerwin alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Ndipo alipogundua kwamba mkono wake wenye kitambaa ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali. Hakumbuki kuuingiza. Emeline aliuangalia mfuko ule, akamwangalia usoni, muda ambao haukuwa mrefu.

"Wangu," alisema. "Na wa Baba. Aliugusa mshipi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bi Verdie aliushika mkono wa Emeline uliokuwa juu ya samaki, akaupigapiga mara mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante, kipenzi," kisha akawageukia watu. "Colt Dupre ndiye anakwenda Agosti."

Raywood alimfuata Kerwin mpaka kwenye gari. "Kaka, sikutaka tushinde hivi," alisema. Kerwin akamwambia hakuna neno, mwanao kapiga vizuri, akamsaidia hata kukaza mkanda wa trela. Raywood akaenda zake.

Ndani ya gari palikuwa na joto la tanuri. Emeline alikuwa ameketi, mikono mapajani, inanuka samaki. Kerwin alitia ufunguo, hakuuzungusha.

"Ungeweza kunyamaza," alisema. Hakumlaumu. Alitaka tu kujua. "Hakuna aliyeona."

"Wewe uliona."

"Mimi nisingesema."

"Najua usingesema. Uliuficha mkono." Alijifuta jasho la juu ya mdomo kwa bega. "Baba, nilikuwa naye."

"Ulikuwa umeteleza."

"Niliteleza, ndiyo, lakini goti nilipiga makusudi ili nimlegezee. Akilegezewa anageuka mwenyewe. Alikuwa anageuka. Nilishamsikia kwenye mshipi anageuka, halafu ukaja wewe."

Kerwin aliyarudia yale mawazoni: goti, mshipi kulegea, kichwa cha samaki. Alivua samaki tangu utotoni. Akaona kwamba mtoto anasema kweli, na kwamba angekuwa ni mtu mwingine yeyote pale mbele, hata Colt, yeye mwenyewe Kerwin angeliona palepale.

"Nilidhani hujali," alisema. "Kila nikikuuliza unaniambia tutaona. Nilidhani kwako yote sawa."

"Sikuweza kumwambia Mama usoni kwamba nataka kubaki. Angelia. Nikasema nishinde, basi, ushindi ndio umwambie." Alikuwa akiongea akiangalia kioo cha mbele. "Unadhani nilikuwa namvutia nini samaki mkubwa vile?"

Hapo ganzi ikamtoka Kerwin. Haikutoka kidogo kidogo. Kiganja kilianza kuwaka moto kwenye kile kitambaa, maumivu yakapanda mpaka begani, na nyuma yake yakaja mengine yote kwa mpigo, Shawna kaegemea jokofu, mwezi wa tatu, wa nne, nyumba, yote aliyoyangoja na hayakuja. Aliumia. Alitaka kusema nisamehe, akaogopa kwamba hata neno hilo akilisema sasa atakuwa anamnyang'anya mtoto kilio chake, maana Emeline alikuwa ameanza kulia, kimya kimya, bila kujificha uso. Basi akakaa. Walikaa hivyo wote wawili mpaka magari mengine yakaanza kuondoka.

"Twende, Baba," alisema Emeline mwishowe. "Mama anakuja asubuhi, na mimi sijapanga hata nguo moja."