Sufuria ya Mama Mkwe Gazetini

Siku ya tatu ya mgomo wa nchi nzima nilifika kwenye geti la kiwanda chetu cha unga nikakuta wenzangu wamekaa kwenye gogo. Hakuna aliyenisogezea nafasi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye mwenyekiti wa mgomo. Alininyooshea gazeti. Picha kubwa: mimi, naingia getini. Juu yake: MGOMO WAVUNJIKA, WAPAKIAJI WARUDI KAZINI.

"Shemeji, huyu nani?"

"Mimi."

"Jana ulifuata nini ndani?"

"Sufuria. Niliisahau kabla hatujagoma."

Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Kipisi, ninayepakia naye magunia, akasema, "Sufuria! Si bora ungesema umebanwa na haja?"

Mwenyekiti hakucheka. "Msaliti hakai na sisi. Wanaotaka aondoke, wanyooshe mikono."

Nimebeba magunia na watu hawa tangu nilipoacha shule. Sina wengine.

Mikono ikaanza kupanda. Ndipo akatokea mama mkwe, anapunga gazeti lingine kama anafukuza kuku. Dukani walimfungia mayai kwa gazeti hilo. Mkono wa pili kaishika sufuria yenyewe.

"Nani kaipeleka sufuria yangu gazetini?"

Picha: mimi natoka getini, sufuria nimeivaa kichwani kama kofia. Juu yake: WAFANYAKAZI WAHAMA NA VYOMBO, HAWARUDI MPAKA KIELEWEKE.

"Mama, subiri kidogo," mwenyekiti akasema.

"Nisubiri nini? Nimemwazima dada yako sufuria, mumewe anaitembeza kwa wapiga picha! Na masizi yote yale! Majirani watasema sijui kusugua!"

Kipisi akayatandaza magazeti mawili juu ya gogo. Hapa naingia mikono mitupu. Pale natoka na sufuria. Nyuma yangu, picha zote mbili, mlinzi yule yule kaachama, anapiga miayo.

"Jamani," akasema Kipisi, "hata miayo mlinzi hajamaliza! Huyu kafanya kazi saa ngapi?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimtoa mlinzi kibandani. Mwenyekiti akanikumbatia. "Nisamehe, shemeji."

"Nisogezee nafasi kwenye gogo kwanza."

"Hakai mtu," mama mkwe akasema. "Sugua."

Nikasugua kwa mchanga pale pale getini, wenzangu wakiimba na kunipigia makofi. Wapiga picha wakaja mbio. Mama mkwe akakaza kitambaa chake cha kichwa, akasimama kando yangu.

"Haya," akawaambia, "sasa pigeni."