Mihogo ya Ghorofa ya Tatu

Jumatatu asubuhi afisa wa ghorofa ya tatu wizarani alivuta droo ya meza yake, ikagoma. Pingili za muhogo alizopokea kutoka chuo kikuu zilikuwa zimechipua humo ndani, na mizizi imetoboa mbao ikapenya sakafu. Chini yake, kwa wahasibu, mihogo ilining'inia darini, minene kama mapaja. Wahasibu waliinama kidogo wakipita, kazi ikaendelea.

Pingili zilikuwa za mhadhiri mmoja wa kike, aliyehangaika miaka mingi mpaka akapata mbegu isiyooza mizizi. Sera mpya ya kusaidia utafiti ilimtaka azikabidhi wizarani, zitunzwe mahali pakavu hadi apatikane mbia mwenye kiwanda wa kuzifikisha kwa wananchi. Alikabidhi zote. Hakubakiza hata moja, maana alikuwa mtu wa kufuata taratibu, na hilo kwa kweli linakera.

Kaka yake alikuwa mkulima. Shamba lake lilikuwa limeoza lote, na mvua zilikaribia kukatika. Dada mtu alimpeleka wizarani wakaombe pingili chache tu.

Afisa aliwapokea vizuri, akasogeza majani wapate kukaa. Akaagiza muhogo wa kuchemsha, kwa kuwa siku hizo jengo zima lilikula huo. Kaka alikula, akasema ni mtamu.

"Sasa naomba kijiti kimoja tu, bwana mkubwa," alisema. "Huu tunaokula hauoti."

"Wewe kula tu, shemeji. Kupanda ndiko kunakotaka mbia."

"Mimi nina shamba."

"Shamba si kiwanda."

Mhadhiri aliinuka, akachukua mkoba wake. Hata hasira hakuisikia, ila uchovu. Getini mlinzi alipekua mikoba yao, akawapa pole.

Mvua zilikatika. Mti wa muhogo nao ulitoboa paa, ikabidi wizara itafute mtu anayeijua mihogo aupogoe. Kaka aliomba kazi, akapata. Sasa ana sare na kitambulisho. Kila Ijumaa hukata matawi, akayashusha uani na kuyachoma mpaka yawe majivu, kama taratibu zinavyotaka. Mhadhiri akija kuulizia mbia, hukutana naye ngazini amekumbatia mzigo wa pingili mbichi. Kaka hujibanza ukutani, dada apite.