Gari Lililozoea Kubembelezwa

Palikuwa na pikapu moja kuukuu ambayo watu hawakuiwasha, waliibembeleza. Ukiijia kwa pupa, ufunguo uligoma kuzunguka, na hapo hata uite ukoo mzima, ng'o! Na aliyejua kuibembeleza alikuwa mmoja tu, mzee wa watu ambaye siku hizi hakujua hata kama ameshakunywa chai au la.

Mzee huyo alikuwa baba yake Bi Viti. Jina hilo mtaa ulimpa yule mama kwa sababu ya kazi yake ya kukodisha viti na maturubai ya sherehe, kazi aliyoachiwa na mzee mwenyewe. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia paa la ghala, alimshika baba yake mkono, akamkalisha nyuma ya usukani, kisha akasimama kando ya mlango. Mzee aliingiza ufunguo, akaurudisha nje kidogo, unene wa ukucha tu. Akausukuma usukani kushoto kwa kiganja. Akafumba macho.

"Haya, mama yangu," aliliambia gari, "twende, usinitie aibu mbele ya watoto."

Likawaka. Mzee akasogea upande wa abiria, Bi Viti akashika usukani, wakaondoka.

Asubuhi hizo Bi Viti alijiona kama bado yumo usingizini. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa kioo cha mbele, na mzee alizungumzia sherehe za miaka mingi iliyopita kana kwamba ndiko wanakokwenda. "Ile arusi ya mapacha," alisema, "tusisahau viti vyekundu." Viti vyekundu vilishavunjika zamani, hata miguu yake haikubaki. "Hatusahau, Baba," alijibu Bi Viti, na kwa kitambo kidogo hata yeye aliviona, vyekundu, vimepangwa uwanjani, vinawangoja.

Aliyekuwa macho ni kaka yake mkubwa, ambaye nyumba ilikuwa yake. "Unazunguka na mzee juani kama mzigo," alisema. "Nimekubali kwa sababu gari halimtii mwingine. Siku likitengenezwa, abaki nyumbani atulie." Bi Viti aliijua hiyo kutulia. Ni mlango kutiwa komeo na televisheni kuongea peke yake mchana kutwa. Basi hakulipeleka gari kwa fundi, mwezi ukaingia, mwingine ukatoka. Mnaotaka kumlaumu mlaumuni, mimi simo.

Sasa siku moja mzee alibembeleza, gari likawaka, lakini ufunguo haukurudi. Uling'ang'ania pale pale pa kuwashia, stata ikapiga kelele bila kukoma, harufu ya waya unaoungua ikapanda. "Rudisha, Baba!" Mzee alivuta, akavuta, wapi! Bi Viti alipenyeza mikono yote miwili dirishani, akaurudisha kwa nguvu zake zote.

"Nimeliudhi," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Halinitaki tena."

Hapo maji yalizidi unga. Fundi akaitwa.

Huyu fundi walimwita Polepole, na hakuna aliyewahi kumsingizia haraka. Alichomoa waya wa betri kwanza, akafungua kifuniko cha chini ya usukani, akaitoa swichi ya kuwashia pamoja na kitasa chake cha ufunguo, akakiweka kitasa kiganjani. Ndani mlijaa uchafu mweusi, mzito.

"Nani anatia mafuta humu?"

Mzee akanyoosha kidole juu. "Mimi. Ya cherehani. Tone moja kila wiki, lisikie raha."

"Ala! Mzee wangu, kitasa hakinywi mafuta. Mafuta yanakamata vumbi, vumbi linakuwa uji, ndiyo maana ufunguo unakwama."

Kumbe! Miaka yote hiyo mzee alikuwa akilibembeleza gari lipone ugonjwa aliolitia yeye, tena kwa mapenzi. Bi Viti alicheka mpaka akalazimika kugeukia ukutani, maana kicheko kilikuwa kinageuka kuwa kitu kingine.

Polepole alikiosha kitasa kwa petroli na brashi, akakianika kikauke, akabadilisha springi iliyolegea. Mwisho alikwangua risasi ya penseli kwa kisu na kuupuliza tunduni ule unga mweusi, unaolainisha bila kukamata vumbi, akarudisha kila kitu mahali pake. Ufunguo ukazunguka laini, ukarudi wenyewe.

"Sasa hata mpita njia ataliwasha," alisema kwa fahari.

Bi Viti alimshukuru, akamlipa.

Asubuhi iliyofuata kaka mkubwa alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Nasikia limepona. Basi mwache mzee." Bi Viti alimkalisha baba yake nyuma ya usukani kama kawaida, akasimama kando.

Mzee aliingiza ufunguo, akaurudisha unene wa ukucha. Alipougusa tena kidogo tu, gari likawaka, hata usukani hajausukuma. Aliutazama ufunguo, kisha akamtazama binti yake. Yeye aliyesahau chai, aliyesahau mwaka, hili alilielewa moja kwa moja.

"Linawaka lenyewe."

"Ndiyo, Baba."

"Basi mimi sina kazi." Akafungua mlango, akaanza kushusha mguu.

Bi Viti alijibana pale mlangoni asipate pa kupita. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali nani anaona. "Rudisha mguu ndani, Baba. Mwanzo nilikuchukua kwa ajili ya ufunguo, sikatai. Sasa nakuchukua kwa sababu nakutaka. Usipokuwepo, nani atanikumbusha viti vyekundu?"

Kaka akafungua mdomo.

"Kaka, kunywa chai yako, inapoa. Mzee tunakwenda naye."

Mzee alirudisha mguu, akafunga mlango, akazima gari.

"Ah, Baba! Mbona umezima?"

"Limewaka kabla sijaliomba," alisema mzee, amenuna. "Hiyo si adabu. Tunaanza upya."

Akaingiza ufunguo, akaurudisha unene wa ukucha, akausukuma usukani kushoto, akafumba macho. Bi Viti akasimama kando ya mlango, akasubiri.