Kiti cha Klementina

Katika shule yetu upande wa mdahalo hauchaguliwi. Vikaratasi viwili hukunjwa na kutiwa katika kofia, na kiongozi wa kila kundi huvuta kimoja mbele ya wenzake. Atakachokivuta ndicho atakachokitetea, akipende asikipende. Ndivyo tulivyofanya nilipokuwa mwanafunzi hapa, enzi za mabweni yasiyo na dari, baridi ya Ufipa ikituamsha kabla ya kengele. Ndivyo ninavyosimamia leo nikiwa mwalimu mlezi wa mdahalo. Mtu aliyelazimika kutetea asichokiamini hujifunza kumsikiliza mwenzake, na katika nchi yetu watu wa namna hiyo hawatoshi.

Mwaka huu wanafunzi wenyewe walipendekeza mada ya Siku ya Wazazi: kwamba mashirika ya ndege hufaidika nchi inapoandaa mashindano makubwa ya michezo. Mashindano ya mpira yalikuwa yamefanyika nchini kwetu na watu hawajachoka kuyazungumza, nami sikuona ubaya. Felisian wa kidato cha sita akavuta karatasi ya kuunga mkono. Coleta akavuta ya kupinga.

Baada ya masomo Coleta alikuja ofisini kwangu. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijapata msemaji kama yeye. Alikuwa binti wa mkulima wa Ilemba, kijiji cha bondeni, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kawaida kabisa, lakini alipoanza kuibomoa hoja ya mtu, ukumbi mzima uliinama mbele kumsikiliza. Tangu kidato cha pili alikuwa hajashindwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Naomba nibadilishane upande na Felisian. Yeye amekubali."

"Kanuni unaijua."

"Naijua. Lakini baba atakuja."

Nilielewa alikokuwa akielekea, kwa maana msiba wake shule nzima iliujua. Mama yake, Klementina, alikuwa mgonjwa wa moyo. Hospitali ilimwandikia rufaa ya Dar es Salaam, na daktari akaonya kwamba asisafiri kwa barabara ikiwa inawezekana. Wakati ule lilikuwapo shirika dogo la ndege lililotua Sumbawanga mara kadhaa kwa wiki. Mzee Nestory, mumewe, akampandisha kutoka bondeni, wakalala kwa ndugu pale Mazwi, mjini, na asubuhi wakawa uwanja wa ndege na tiketi zao. Ndege haikuja. Ilikuwa imehamishiwa kwenye miji yenye viwanja vya mashindano. Wakapanda basi. Klementina alifariki kabla hawajafika Makambako, kichwa chake kikiwa begani kwa mumewe, na abiria wa jirani wakidhani amelala.

"Pale uwanjani kijana mmoja wa shirika alimwomba baba radhi," Coleta alisema. "Alimwambia, 'Mzee, nchi ina wageni, ndege imeenda kuwabeba.' Baba amelishika neno hilo. Msibani kila aliyekuja kumpa pole alimwambia kwamba mama amewapisha wageni. Wewe mwenyewe ulimsikia, Mwalimu."

Nilimsikia. Nilikuwa nimeketi naye benchi moja. Mzee Nestory alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza jambo la heshima lililoifikia nyumba yake. Akija mgeni, mwenye nyumba hulala chini na mgeni hupewa kitanda. Hayo aliyafahamu tangu utoto, na ndege aliiweka humohumo. Kwa maneno hayo aliweza kusimama kaburini.

"Haikumbeba mtu," Coleta alisema.

"Nani kasema?"

"Baba mdogo wake Kauthar."

Kauthar alikuwa msaidizi wake katika kundi, binti wa nyumba ya wafanyabiashara wa mjini, na huyo baba yake mdogo, Mahmud, ndiye aliyekuwa wakala wa tiketi wa shirika lile. Mahmud alikuwa amewaeleza mabinti hao yote aliyoyaona. Wageni waliotarajiwa walikuja wachache. Wenyeji wengi walitazama mpira kwenye televisheni, na waliokwenda viwanjani walikwenda kwa mabasi. Watu wa safari zao za kila siku, wenye biashara na wenye semina, waliahirisha wakihofia bei na msongamano. Ndege ikawa inaruka na watu wachache kwenda kwenye mechi na kurudi na viti vitupu, huku mafuta na marubani vikilipiwa vilevile.

"Na siku ile ya mama haikuruka kabisa," Coleta alisema. "Ilikuwa imeegeshwa Dar es Salaam. Ilikosa abiria."

Alikuwa ameipanga hoja ile kama anavyozipanga zote.

"Mwalimu, sina hoja kubwa kuliko hiyo. Nikiitoa, baba ataisikia. Nikiificha, nitakuwa nimeudanganya ukumbi, nawe ndiye uliyetufundisha kwamba hilo ni wizi. Ndiyo maana naomba upande ule mwingine."

"Upande haubadilishwi. Nikikubadilishia wewe kwa sababu ya msiba, kesho nitambadilishia mwingine kwa sababu ya homa. Na baba yako ni mtu mzima, Coleta. Kweli haimdhuru mtu mzima."

"Wewe hujalala nyumbani kwetu, Mwalimu."

"Kajiandae," nikamwambia.

Siku ya Wazazi ndiyo siku pekee tunayoendesha mdahalo kwa Kiswahili, ili kila aliyekuja afuate. Ukumbi ulijaa makoti mazito na vitenge vilivyofungwa juu ya masweta. Mzee Nestory alifika mapema na kifuko cha mchele wa bondeni kwa ajili ya walimu.

"Nimekuja kumsikiliza wakili wangu," akaniambia huku akicheka. "Hamumpigi lakini?"

"Nani amguse? Atatushtaki."

"Hapo umenena, Mwalimu! Hata mimi nyumbani namwogopa." Akaenda kuketi safu ya pili, kofia yake magotini.

Felisian alianza kwa madoido yake. "Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa majaji, wazazi wetu mliotuletea maandazi, na ninyi mliotuletea ushauri mtupu!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Hivi mtu wa Misri atatembea kwa miguu kuja kuutazama mpira kwetu? Mtu wa Senegali atakuja kwa baiskeli? Ataruka! Na akiruka atalipa! Dada yangu Coleta, kwa heshima zote, chombo cha kasi kuliko vyote alichowahi kupanda ni pikipiki ya mjomba wake, nayo kwenye mlima wa Ilemba waliisukuma. Leo anataka kutufundisha biashara ya ndege!"

"Mjibu, Coleta!" wasichana wakapaza sauti kutoka nyuma. "Mmalize huyo!"

"Ndege zilijaa, Bwana Mwenyekiti," Felisian akaendelea. "Zilijaa hadi mikoa ya pembezoni ikakosa ndege. Ni nani aondoaye chombo chake mahali pamoja asikipeleke penye faida kubwa zaidi?"

Nilimtazama Mzee Nestory. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayesikia jina la marehemu wake likitajwa kwa wema kanisani.

Coleta akasimama. Alizungumza juu ya bei ya mafuta. Akazungumza juu ya hoteli za marubani na kodi za viwanja vya ndege. Yote yalikuwa kweli, na yote alikuwa akiyapita upesi, kama mpishi anayepakua makombo huku nyama ikiwa bado chunguni. Kejeli ya pikipiki hakuijibu. Nyuma yake Kauthar alikuwa akiuvuta upindo wa sketi yake na kunong'ona, "Sema. Sema basi, Coleta." Wanafunzi wakaanza kutazamana.

"Taarifa, Bwana Mwenyekiti!" Felisian alikuwa amesimama. Nadhani hata yeye alikuwa ameanza kumhurumia, lakini mdahalo una mwendo wake. "Msemaji anadai ndege ziliruka bila faida. Je, anaweza kututajia ndege moja, moja tu, iliyokosa abiria?"

Coleta akawatazama majaji, akanitazama mimi, kisha akamtazama baba yake. Mzee alimtabasamulia ili kumtia moyo.

"Siwezi," akasema. "Sina hata moja."

Akaketi. Majaji hawakuhitaji kutoka nje kushauriana. Felisian alipewa ushindi, na aliupokea bila kuinua mikono.

Watu walipotoka kwenda kula, nilisimama peke yangu kando ya tangi la maji. Nilikuwa na hasira, na nilijiambia kwamba ni hasira dhidi ya mwanafunzi aliyeudanganya ukumbi wangu. Mzee Nestory akaja, akasimama karibu nami.

"Ameshindwa," akasema.

"Ameshindwa, Mzee."

"Coleta hashindwi." Alisema kwa upole, kama anayenisahihisha. "Alipokuwa darasa la nne alimshinda mwenyekiti wa kijiji kwa habari ya mpaka wa shamba letu. Yule mtu alimwonea haya mtoto mwezi mzima, akipita nyumbani anapita nyuma ya zizi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Yule kijana alipomuuliza juu ya ndege iliyokosa abiria, alinitazama mimi. Kwa nini alinitazama mimi, Mwalimu?"

Nikajifanya nakaza bomba la tangi.

"Wanasema wewe husemi uongo. Hata Coleta anasema hivyo. Anasema ndiyo sababu wanakuogopa. Sasa nakuuliza mimi. Ndege ile ilijaa?"

Nilikuwa nimemwambia binti yake kwamba kweli haimdhuru mtu mzima. Mtu mzima huyo alikuwa mbele yangu, ameishika kofia yake kwa mikono miwili, akingoja, na kinywa changu hakikufunguka. Sikuweza kusema ndiyo. Sikuweza kusema hapana. Nilisimama pale kama mvulana aliyeitwa mbele ya darasa bila kusoma.

Alingoja kwa muda ambao kwa heshima mtu angeweza kungoja. Kisha akasema, "Haya."

Akaketi juu ya ukingo wa saruji wa tangi.

"Wachache basi? Hata wachache hawakupanda?"

Nikatazama chini.

"Haya," akasema tena. Upepo ulikuwa ukileta harufu ya pilau na kelele za watoto wa wageni. Alipozungumza tena hakuwa akizungumza nami hasa. "Kwenye basi alikuwa akiniuliza, hivi kwa nini hatukungoja ndege? Pumzi imemkatika hivi, anauliza. Nikamwambia jikaze, mama Coleta, kiti chako amekaa mtu ametoka mbali, huwezi kumwinua. Akasema basi na akae. Ndilo neno lake la mwisho nililolisikia vizuri."

Akaufuta uso wake kwa kofia, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, akaivaa.

"Mwalimu, usimwambie kwamba nimejua. Amehangaika sana kunificha. Umemwona alivyohangaika."

"Nimemwona."

Akainuka, akajinyoosha mgongo, akatembea kuelekea kwenye majani walikoketi wanafunzi na wazazi wao. Nilimfuata kwa mbali. Coleta alimwona akija, akasimama, na nikaona alivyoukagua uso wa baba yake kwa haraka.

"Wakili wangu!" Mzee akapaza sauti kabla hajamfikia. "Leo umepigwa!"

"Nimepigwa, baba."

"Kijana yule ana mdomo, si mchezo. Lakini tukubali, amesema la haki. Zilijaa."

"Zilijaa, baba."

"Sasa pikipiki ya mjomba wako ndiyo asingeigusa. Nitamwambia mjomba wako." Akacheka, naye Coleta akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Wakaketi kula. Mzee alitoa nyama kwenye sahani yake akaiweka kwenye ya binti yake, binti akairudisha, Mzee akaitoa tena. Mtu asiyewajua angesema kwamba katika uwanja ule hapakuwa na wawili wenye furaha kuliko wao.

Mchana ulipokuwa ukiisha, gari la kuteremka bondeni lilimchukua. Aliniaga kwa kunipa mkono. Coleta alisimama getini hadi vumbi lilipotulia, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, najua nimekosa. Kesho nitakuja unipe adhabu."

"Yazungumzwe kesho."

"Baba alikuja kwako pale kwenye tangi." Akatazama tena barabarani. "Alikuuliza kitu?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia neno lolote," nikasema.

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Coleta akafumba macho, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakamshuka mbele yangu bila kuyafuta.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Asante sana. Mungu akubariki."

Akapiga goti kidogo kama wafanyavyo mabinti wa kwao, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Sikuwa na haki ya kuondoa mkono ule. Nilimwachia aushike hadi alipouachia mwenyewe.