Namba Iliyosomwa Kutoka Mkiani

Benedikta wa Kurui aliamka kumenya mihogo akakuta mikono yake ni ya kizee. Mama yake, Tereza, alimtazama, akambadilishia kisu akampa chepesi.

"Shikamoo," Mama alisema, kwa kuwa mdogo ndiye huamkia.

"Marahaba, mama."

Habari ilikuwa imeshafika kijijini. Kompyuta ya ofisi ya wilaya, Kisarawe, iliandika namba kuanzia upande mkubwa, makumi kwanza; ile mpya ya ofisi ya Kibaha ilisoma kuanzia upande mdogo, mamoja kwanza. Utepe wa kompyuta wenye umri wa wanakijiji ulipopelekwa Kibaha, 18 ya Benedikta ikasomwa 81. Mama alikuwa na 44, hakuguswa. Mzee Laurean, wa 71, aliamka na miaka 17 akapelekwa shamba la ujamaa kung'oa visiki.

Harusi ilikuwa iwe Jumamosi. Onesmo, mchumba, alikuja jioni akasimama mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Onesmo, usinitanie."

"Sitanii. Nitasubiri. Ila nyumbani wameshaanza kunung'unika."

Benedikta akapanda lori la korosho mpaka Kibaha. Silvanus, aliyeandika programu ya chini kabisa, ile inayoiamsha mashine, alimpa kiti. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nitaiagiza igeuze kila namba inayotoka Kisarawe," alisema. "Nenda salama, bibi. Samahani, dada."

Aliposhuka Kurui alikuwa na miaka 18. Kesho yake akaamka na 81. Kisarawe nao walikuwa wameanza kugeuza kabla ya kutuma, na namba iliyogeuzwa huku na kule ilisomwa vilevile vibaya. Silvanus akawapigia simu.

"Acheni ninyi," wakamjibu. "Sisi tulikuwa na kompyuta kabla yenu."

Ijumaa ofisi zote mbili ziliona haya, zikaacha kugeuza. Benedikta alibaki na 81. Jumamosi zote mbili zikaanza tena. Padri alisubiri mpaka adhuhuri, akafunga kanisa.

Baadaye Onesmo alimwoa Margareth, mwenye miaka 22, umri usiogeuka. Kwenye harusi Benedikta aliketishwa pamoja na mabibi, akaletewa nyama laini. Silvanus aliendelea kupiga simu. Kisarawe waliendelea kupokea.

"Mwakani natimiza kumi na tisa," Benedikta alimwambia Mama wakirudi nyumbani.

Mama alihesabu kidogo, akaingia vichakani kumkatia mkongojo.