Ukuta wa Mbuvi Wapita Linta

Mimi Hared ni mtu wa duka, si mtu wa subira, na mwaka wa sabini na nane nilikuwa najenga pale Kasikeu nyumba ya vyumba viwili. Kimoja cha mke wangu Qamar, kingine cha mama yangu Arbaco, aliyekuwa anakuja na lori kutoka Garissa. Kila chumba na mlango wake. Wale wawili hawapikiki chungu kimoja, na bila ukuta katikati yao ningehamia stoo nikalale na magunia.

Chumba cha Qamar kilikuwa kimefika kwenye linta, ile boriti ya zege inayokaa juu ya mlango. Kidogo tu tufunge mabati. Cha mama kilikuwa msingi mtupu, na matofali yake yote nilikuwa nimeyapanga ndani ya kile cha Qamar, wezi wasiyaguse.

Asubuhi ile nikamchukua mama mmoja avunje kokoto za sakafu. Akaketi kwenye mlango wa chumba cha Qamar, penye kivuli, akaupa mlango mgongo, akaanza kugonga. Fundi wangu Mbuvi, aliyekuwa ndani, akachungulia na kumtambua kwa mgongo tu. Alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

“Mzee Hared,” akaninong'onezea dirishani, ambako vyuma vilikuwa vimeshawekwa, “huyo ni mama ya bibi yangu. Mimi siwezi pita hapo. Ni nthoni.”

Kwa Wakamba, nthoni ni heshima inayomfanya mtu na mama mkwe wake wasikutane uso kwa uso. Haya. Nikamwendea yule mama, Kalunde, nikamwomba asogee.

“Nikisimama nitageuka,” akasema, “na nikigeuka nitamwona. Wacha yeye atoke kwanza.”

Nikarudi dirishani. “Basi Mbuvi, kaa hapo utulie.”

“Anisikie nimenyamaza? Atasema bibi yangu aliolewa na mvivu.”

Akachukua mwiko, akaendelea kujenga. Akapita linta. Akapita pale mabati yangekaa. Akafunga skafodi, yale majukwaa ya mbao ya kusimamia, moja juu ya nyingine, nami nikipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Kalunde naye, akisikia mkwe anachapa kazi, aliona aibu kupumzika, na kokoto zikapanda zikaziba nusu ya mlango. Chumba cha mama yangu kilikuwa kinaenda juu mbinguni, tofali kwa tofali.

Alasiri lori likafika. Mama akashuka, akainua shingo.

“Ni msikiti?” akauliza.

Nikamweleza yote, nusura nilie. Mbuvi alikuwa ameweka tofali la mwisho na mwiko ukanyamaza. Hapo Kalunde, bila kuinua macho, akafunga kibuyu chake cha uji kwenye kamba ya kupandishia karai iliyoning'inia nje ya ukuta, akaitikisa. Kibuyu kikapanda. Kikashuka kitupu, na sauti huko juu ikashukuru.

“Hawa hawaangaliani na wanapelekeana uji,” mama akasema, kwa sauti ambayo Qamar, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliisikia vizuri. “Sisi tunaangaliana, na hata chai hatupeani.”

Ikabidi nimruhusu Mbuvi atoboe ukuta wa nyuma. Akatokea huko, akashika njia ya mtoni mbio. Kalunde akainuka, akajikung'uta, akaenda kwake. Nikabaki na chumba kimoja kirefu, tofali hakuna, na wanawake wawili.

Mama akaingia kwa tundu la nyuma, akaketi juu ya sanduku lake. Qamar akapanda kokoto za mbele akiwa na birika. Akamimina chai, akakiweka kikombe karibu na mama, uso ameugeuzia ukutani. Mama naye akautazama ukuta wa upande wake, akanywa.

“Sukari kidogo,” akasema.

Nikashika kichwa. Qamar akapanda kokoto tena, akaenda kuleta sukari.