Yone Ana Miaka Hamsini na Minane

Msichana aliyekuwa kwenye skrini alikuwa na miguu mirefu, sketi fupi na mashavu ya kitoto, akirukaruka jikoni na mwiko mkononi kana kwamba kupika ni mchezo. Rangi zilikuwa hazijatiwa bado, na sehemu nyingine zilikuwa mistari mitupu ya penseli. Lakini jina lilikuwa limeandikwa chini yake wazi kabisa, ili waigizaji wa sauti wajue nani aseme lini: YONE.

Hatsue Minegishi alikuwa ameketi kwenye sofa ya nyuma, mahali wanapowekwa waandishi wa vitabu, katika studio ya kurekodi sauti huko Yoyogi. Mapajani alikuwa amepakata boksi la biskuti za mchele kutoka kwao Nagaoka, arobaini, kila moja imefungwa peke yake, maana mwandishi haendi studio mikono mitupu. Aliliangalia lile jina, akamwangalia yule msichana, akahisi damu inampanda hadi masikioni.

Yone hakuwa msichana. Yone alikuwa mpishi wa ngome, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mnene, goti la kulia bovu, aliyelisha wanajeshi mia nne waliozingirwa na adui majira mazima ya baridi huku akigombana na majenerali kuhusu chumvi. Hatsue alikuwa ameandika juzuu tisa za hadithi hiyo, zile riwaya nyepesi zenye michoro ndani, ambazo vijana huzisoma kwenye treni na watu wazima huzivalisha karatasi ili jalada lisionekane. Shujaa alikuwa kijana mmoja wa upanga. Lakini wasomaji walipoandika barua, kijana wa upanga hakuna aliyemuulizia. Waliuliza goti la Yone linaendeleaje.

Na Yone alikuwa mama yake. Hata jina hakulibadilisha. Yone Minegishi, aliyefikisha miaka themanini mwaka huo, alipika chakula cha mchana cha watoto mia nne wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na viatu vyake vyeupe vya mpira, akikoroga supu kwa mwiko mrefu kama kasia. Aliposikia kitabu cha binti yake kinafanywa anime, yaani katuni ya televisheni, aliwapigia simu wapishi wenzake wanne waliobaki hai. "Nitatoka kwenye televisheni," aliwaambia. "Mimi na goti langu." Siku ya kukusanyika walikuwa wameshaipanga.

Msidhani Hatsue alikuwa amelala. Miezi kumi nyuma, alipoonyeshwa mchoro wa kwanza wa yule msichana, alichukua kalamu nyekundu akaandika: HAPANA. Huyu si Yone. Yone ana miaka hamsini na minane. Mrudisheni. Kila skripti iliyomfikia tangu hapo aliirudisha na wino huohuo. Alimkabidhi mhariri wake, Bwana Uchibori, kwa sababu ndivyo kazi hiyo inavyokwenda. Mwandishi wa kitabu haongei na mwandishi wa skripti. Huongea na mhariri wake, mhariri huongea na idara ya haki, yaani hakimiliki, ya shirika la uchapishaji, idara huongea na mtayarishaji, na mtayarishaji ndiye huongea na mtu wa skripti. Kila mara Bwana Uchibori alirudi akiinamisha kichwa, akimwita mwalimu kama waandishi wanavyoheshimiwa kwao, na jibu lilelile.

"Maoni yako yamefika, mwalimu. Yanashughulikiwa."

Yanashughulikiwa! Miezi kumi mama wa watu anashughulikiwa, kumbe anazidi kufanywa mtoto.

Nusu ya kwanza ya kurekodi ilipoisha, msimamizi wa sauti aligeuza kiti chake.

"Mwalimu Minegishi, una neno lolote la kutuambia?"

Swali hilo huulizwa kila studio, na kila aliye ndani hulijua jibu lake. Mwandishi husimama, huinama, husema hana la kuongeza, anashukuru, anawaachia wenye kazi. Kisha biskuti huzungushwa. Watu walikuwa wameshaanza kunyanyua chai.

Hatsue alisimama. Hakuinama.

"Ninalo," alisema. "Huyu mtoto ni nani?"

Msimamizi alitazama skrini, akamtazama yeye. "Ni Yone, mwalimu."

"Yone ni mama mtu mzima. Nimeandika hivyo mara kumi na mbili, kwa wino mwekundu. Sasa nataka kumwona huyo Kuramochi anayeandika skripti. Yuko humu? Ajitokeze. Nataka nimtazame usoni mtu anayesoma hapana mara kumi na mbili na bado anaendelea kumpunguza mwenzake miaka."

Pembeni, karibu na birika la chai, aliinuka mwanamume wa makamo mwenye sweta lililokunjamana na nywele ambazo hazijaona kitana tangu juzi. Hatsue alikuwa amemchukia mtu huyu miezi kumi bila kujua sura yake.

"Kuramochi ni mimi," alisema. "Mara kumi na mbili? Mimi sijapata hata moja."

"Usinifanye mtoto, bwana wee."

"Mwalimu, mimi ndiye wa kukuuliza wewe!" Sauti ya Kuramochi ilipanda. "Nimeuliza mara tatu. Nimeomba Yone abaki mzee. Sehemu ya saba anawanyima majenerali chakula mpaka waombe radhi. Nani atamwogopa binti wa miaka kumi na sita? Jibu likaja kwamba umri unatuachia sisi. Unatuachia sisi! Siku ile nilikirusha kitabu chako ukutani. Nikasema, mwandishi gani huyu asiyempenda hata mtu wake mwenyewe?"

Hatsue akageuka polepole kumtazama Bwana Uchibori, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akilichunguza zulia.

"Uchibori. Uliandika nini?"

"Mwalimu, labda tutoke nje kidogo..."

"Hatutoki. Soma."

Uchibori alitoa simu yake. Masikini, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ndiye aliyempelekea Hatsue supu alipougua, ndiye aliyelia juzuu ya nne ilipochapwa. Alisoma kwa sauti ndogo: "Mwalimu amefurahishwa sana na kazi nzuri ya wote. Ana wazo dogo kuhusu umri wa Yone, kama halitawasumbua."

"Wazo dogo," Hatsue alirudia.

Mtayarishaji, mtu wa tai nzuri na uso usio na doa, naye alitakiwa asome alichokipokea kutoka idara ya haki. Alikohoa kwanza. "Upande wa mwandishi umeridhika. Suala la umri wa Yone mliangalie kwa nafasi yenu."

"Na mimi nikapata hii," Kuramochi alisema, akaisukuma simu yake mbele ya Hatsue. *Mwandishi amependa. Umri wa Yone anawaachia ninyi.*

Basi hivyo ndivyo hapana ilivyosafiri. Kila mkono ulioipokea uliitia maji kidogo, kwa heshima, kwa adabu, kwa nia njema kabisa, hadi ilipofika mwisho wa safari ikawa ndiyo. Na maswali matatu ya Kuramochi, yalipokuwa yakipanda ngazi hiyohiyo kwenda juu, yalimfikia Hatsue yakiwa sentensi moja ambayo sasa aliikumbuka vizuri: watu wa anime wanakusalimu.

"Tulitaka kulinda uhusiano mwema," mtayarishaji alisema. "Kamati ya wanaotoa fedha ilipendekeza msichana kwa sababu ya soko. Hakuna aliyekataa."

"Nilikataa mimi!" Hatsue alipiga boksi la biskuti kwa kiganja, na kitu ndani yake kikavunjika. "Nimekataa miezi kumi! Ninyi ndio mliokaa mkipakana mafuta kwa mgongo wa chupa, mnainamiana, mnashukuriana, na mtu wangu mnamfuta hapo katikati. Ingekuwa afadhali mnitukane. Tusi lingefika!"

Nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, waigizaji wa sauti walikuwa wamesimama na skripti zao, wakisikiliza.

"Mwalimu," msimamizi wa sauti alisema hatimaye, na huyu alisema kwa upole wa kweli, "zimebaki wiki tano. Sehemu tisa zimeshachorwa. Hata tukitaka kumrudisha, hakuna mikono."

Hilo Hatsue alilijua kuwa kweli. Aliwajua wachoraji, wale wanaolala chini ya meza zao, na hasira yake haikuwa na ugomvi nao. Goti la mama yake lilimjia akilini, lilivyokuwa likifungwa kitambaa cha moto kila jioni ya utoto wake.

"Basi nirudishieni jina," alisema. "Msichana wenu kaeni naye. Lakini haitwi Yone."

Mtayarishaji alitabasamu tabasamu la kuomba radhi. "Mwalimu, vinyago vyake vya kuuza viko kiwandani. Visanduku vimeshachapwa jina."

"Vichapwe upya. Ama mfute na jina langu. Pale panapoandikwa mwenye hadithi, andikeni idara ya haki. Wao ndio walioandika."

"Na langu lifuteni," Kuramochi alisema kutoka pembeni.

Mtayarishaji aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Anime isiyo na jina la mwandishi wake, wasomaji wa juzuu tisa wataichuna ngozi kabla haijafika sehemu ya pili, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tabasamu lilimtoka usoni taratibu.

Hapo spika ilikwaruza. Nyuma ya kioo, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, mwigizaji wa siku nyingi ambaye katika sehemu hiyo alikuwa amepewa kazi ya kulia kama farasi tu, alikuwa amebonyeza kitufe cha kuzungumzia.

"Sisi huku tunasubiri tuambiwe tufute jina gani," alisema. "Penseli tunazo."

Dakika kumi baadaye msichana aliitwa Ririka. Kalamu na penseli zilikwaruza karatasi chumba kizima, ukurasa baada ya ukurasa, na kila palipokuwa na Yone pakawa na mstari mweusi. Hatsue aliziacha biskuti mezani, zima na zilizovunjika, akaondoka.

Uchibori alimkimbilia hadi kwenye lifti. "Mwalimu, nililainisha kidogo tu. Nilikuwa nakulinda. Nilihofia watakuona mtu mgumu."

"Mimi ni mtu mgumu," Hatsue alisema. "Ungewaambia."

Januari, Jumapili asubuhi, theluji ikiwa imefika madirishani mwa nyumba ya Nagaoka, wapishi watano wa zamani waliketi kuizunguka meza ya joto, miguu yote imeingizwa chini ya blanketi lake. Mezani palikuwa na figili za kachumbari, chai na rundo la machenza. Sehemu ya kwanza ilikuwa imerushwa usiku na mama alikuwa amemwomba jirani airekodi. Hatsue alifika na treni ya kwanza ili amwahi amwambie. Alichelewa. Alipofungua mlango wa karatasi aliwakuta wote watano wamevaa kofia zao nyeupe za jikoni, zilizofuliwa na kupigwa pasi, na televisheni imeshawashwa.

"Kaa, mwanangu, kaa, unaziba!" mama alisema.

Akakaa. Kijana wa upanga akaja, akapigana, akaumia, akabebwa hadi ngomeni. Mlango wa jiko ukafunguliwa, moshi ukatoka, na wale wazee wakashikana mikono. Kisha Ririka akaruka katikati ya jiko na sketi yake, akalikoroga sufuria kubwa kwa mkono mmoja huku akikonyeza jicho.

"Huyo ni msaidizi wangu," mama aliwaeleza wenzake.

Walisubiri. Wimbo wa mwisho ukapigwa, majina yakapita. Mama akaendelea kutazama hadi skrini ikawa nyeusi, kisha akageuka.

"Mimi naingia lini?"

Hatsue alihisi maneno yakimjia yenyewe, laini, matamu, yamepangika: bado, mama, sehemu zijazo, wanakushughulikia. Yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Akaisikia ndani yake sauti ya Uchibori, na chuki ikamjaa, safari hii juu yake mwenyewe.

"Huingii, mama," alisema. "Wamekutoa. Walitaka msichana. Nilikataa, lakini kukataa kwangu hakukufika kwa mtu yeyote, na nilipojua ilikuwa imechelewa. Nimewanyang'anya jina lako tu. Zaidi ya hapo nimeshindwa."

Bibi Fusae, aliyekuwa akikata mboga miaka yote ile upande wa kushoto wa mama, aliliweka chini chenza alilokuwa akimenya. Mama alichukua kidude cha kuwashia televisheni, akairudisha picha nyuma hadi kwa Ririka, akaisimamisha. Akaitazama muda mrefu.

"Sufuria la watu mia nne," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa mkono mmoja."

"Ndiyo."

"Bega lingemtoka huyo! Lingemtoka siku hiyohiyo! Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupika?" Kofia ilimtikisika kichwani kwa hasira, na wenzake wanne wakadakia wote kwa pamoja, huyu na mwiko, yule na mvuke unavyounguza uso, mwingine na sketi gani hiyo mbele ya mafuta ya moto, hadi nyumba ikapiga kelele kama jiko la shule saa tano asubuhi.

Mama alipochoka alinyoosha goti lake chini ya blanketi, akajipangusa macho kwa ncha ya kofia, kisha akaivaa tena vizuri.

"Kilete kitabu," alimwambia binti yake. "Pale ninapowanyima majenerali. Soma kwa sauti, Fusae hasikii vizuri. Na usome kama ulivyoandika."

Hatsue akaitoa juzuu ya nne rafuni, akakaa kati yao, akasoma.